Mwonjaji Asiyepunguza Chungu

Mpishi anayeonja mchuzi kwa upawa atajua ladha vizuri sana, ila wageni watakuta chungu kimepungua. Opampu nyingi ndivyo zilivyo. Hizi ni aisii ndogo zinazopokea volti dhaifu na kuikuza, na ili zifanye kazi, mlango wao wa kuingilia lazima umeze mkondo kidogo kutoka kwa kile zinachokipima. Chanzo kikiwa tajiri, nani atajali? Lakini kuna vyanzo fukara. Elektrodi ya kioo ya kupimia pH inaweza kuwa na ukinzani wa megaohmu 100, na hutoa takriban milivolti 59 tu kwa kila hatua moja ya pH katika nyuzi 25 za Selsiasi. Iunganishe na 741, aisii ya mwaka 1968 ambayo mafundi wengi tulijifunzia: kwa kawaida humeza nanoampea 80. Zidisha kwa megaohmu 100, unapata volti 8. Mwonjaji kala chungu chote, na sufuria ya jirani pia.

Ndiyo maana nawaheshimu watu wanaojua kuchagua opampu. Kazi yao kubwa ni kusoma. Huisoma datashiti kama wakili asomavyo mkataba wa kiwanja, kidole kikiwa juu ya mstari. Ukurasa wa kwanza ni wa muuzaji. Mambo yenyewe yako kwenye majedwali, penye safu ya “kwa kawaida” na safu ya “kisichozidi”. Fundi mgeni huipenda safu ya kwanza. Mzoefu huifunika kwa kiganja, kisha anauliza swali moja: kwenye joto gani?

Swali hilo limewaumbua wengi. Opampu zenye transista za jifeti mlangoni huonekana malaika: LF156, kwa mfano, humeza pikoampea 30 hivi katika nyuzi 25. Ila mkondo wa jifeti hujizidisha maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi. Toka nyuzi 25 hadi 125 ni maradufu kumi, yaani mara elfu na ushei, na zile pikoampea 30 zimekuwa nanoampea 30. Sasa iweke kando ya LM108, kazi ya mbunifu wa aisii Bob Widlar ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Yeye alitumia transista za bipola zenye besi nyembamba mno, zenye ukuzaji unaofika maelfu. Ni transista dhaifu, volti chache tu huzivunja, basi akazijengea sakiti ya kuzikinga. Mezani penye ubaridi inashindwa na jifeti vibaya. Lakini dhamana yake ni nanoampea 3 zisizozidi, tangu nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu yake. Kwenye tanuri, yule malaika anameza mara kumi zaidi. Mimi kwa tabia yangu huegemea upande wa Widlar, ingawa kwa elektrodi ya pH kwenye chumba chenye kiyoyozi ningekuwa mjinga kuikataa jifeti.

Halafu kuna vifaa ambavyo hakuna fundi atakayevifikia tena. Satelaiti ya Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, kila kipande kilichokuwa ndani kilikuwa kimeagwa. Huko angani mnunurisho hula ukuzaji wa transista za bipola, na mlango uliokuwa ukimeza kidogo unaanza kuwa na njaa. Mwaka 1991 watafiti waliripoti jambo la kushangaza: baadhi ya transista hizi, zikipewa dozi ileile polepole, huumia zaidi kuliko zikipewa kwa haraka. Haba na haba, lakini kibaba kinajaa kabla ya hesabu. Kwa hiyo aisii inaweza kufaulu jaribio la saa chache maabara na kufa taratibu angani.

Na chaguo zuri laweza kuharibiwa na kidole. Kati ya pini yenye volti 15 na mlango wa opampu, uchafu wa kidole wenye ukinzani wa gigaohmu 15 huvujisha nanoampea 1, wakati kuna opampu zilizodhaminiwa kumeza moja ya kumi ya hiyo. Ndiyo sababu mafundi huzungushia mlango pete ya shaba yenye volti sawa na ya mlango wenyewe. Maji hayatiririki kati ya madimbwi yenye kimo kimoja.

Msimu mmoja wa masika niliipata mita ya pH ambayo namba zake zilitangatanga asubuhi na kutulia mchana. Niliilaumu opampu na kuagiza nyingine. Nikisubiri, niliisugua bodi kwa spiriti, nikaondoa mabaki ya flaksi niliyoyaacha mwenyewe miezi kadhaa nyuma, nikaikausha kwa mashine ya nywele ya mke wangu. Namba ikasimama. Opampu mpya bado iko kwenye droo, ndani ya mfuko wake.