Pasi ya Nywele ya Bei Nafuu: Uliza Joto Kabla ya Bamba

Kwenye maduka ya Kariakoo, pasi ya nywele huuzwa kwa sifa za bamba lake: seramiki, titani, tomalini. Kidhibiti joto hakitajwi mpaka mteja aulize, nami nashikilia kwamba hicho ndicho cha kulipia kwanza. Pasi nyingi za bei ya chini zina bamba la alumini lililopakwa seramiki nyembamba, na zikitunzwa zinanyoosha vizuri tu. Ya kuogopa ni ile yenye swichi ya kuwasha na kuzima basi. Hupanda hadi joto ililopangiwa kiwandani, na mwenye nywele nyembamba, za rangi au zilizotiwa dawa hana namna ya kulishusha.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikiliwa na vifungo vya aina mbalimbali. Vya haidrojeni ni dhaifu: maji huvifungua, joto pia, na unywele ukipoa ukiwa umenyooka hubaki hivyo. Vya salfa ni imara, na hivyo ndivyo dawa ya kunyoosha huvunja. Pasi hufanya kazi na vile dhaifu, ndiyo maana nywele zilizonyooshwa asubuhi Dar es Salaam au Mombasa hujikunja tena unyevu wa pwani ukiziingia. Kuzidisha joto hakuzuii hilo. Ukikaribia nyuzi 230 za Selsiasi, ambazo pasi nyingi hufikia, keratini yenyewe huharibika, na hakuna stimu wala mafuta yatakayorudisha mkunjo wa asili. Anza na nyuzi 150 kwa nywele laini au zenye dawa. Kipilipili kizito huhitaji kama 180, na kupita mara moja polepole kwenye fungu dogo kunashinda kupita mara tano kwa haraka.

Nywele ziwe kavu kabisa. Maji yaliyobaki ndani ya unywele huchemka ghafla, mvuke ukakosa pa kutokea, ukaacha mapovu yanayoudhoofisha mpaka ukatike. Ukisikia sauti ya kuunguza, zima, rudi kwenye draya. Kabla ya pasi paka kinga ya joto, kidogo, uiache ikauke. Mafuta mazito hupata moto na kuunguza ngozi ya kichwa.

Dukani, funga pasi uitazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya mabamba, hayabani sawasawa, na utalazimika kurudia fungu lilelile. Pitisha kidole kingoni, uhakikishe hakuna ncha kali wala rangi inayobanduka. Kunja waya pale unapoingia kwenye mpini, maana hapo ndipo nyaya nyingi hukatikia. Waya unaozunguka hudumu zaidi. Halafu soma maandishi ya umeme. Zawadi kutoka Marekani ikiandikwa volti 120 pekee, isichomekwe kwenye umeme wetu wa volti 230: inaweza kuvuta karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la meno tu, volti zinabaki zilezile. Tafuta iliyoandikwa 100–240.

Nyumbani, hatari ninayoiona ikipuuzwa zaidi ni umeme kukatika katikati ya kazi. Mtu huiweka pasi kitandani, anatoka, umeme unarudi hayupo, na yenye swichi inayobaki imewashwa inapata moto upya juu ya shuka. Umeme ukikatika, chomoa plagi kwanza. Pasi ipoe juu ya kigae au sahani ya udongo, waya usining'inie mahali mtoto anaweza kuuvuta, kwa sababu mabamba hubaki ya moto dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Sikio au shingo ikiungua, mimina maji ya bomba yaliyo baridi, yatiririke kwa dakika 20. Dawa ya meno na siagi visipakwe, na lengelenge lisitumbuliwe.