Kinanda si Hakimu: Uhakiki wa Dhana ya Usawa wa Noti katika Unukuzi wa Nyimbo

Sehemu hii inahakiki dhana iliyozoeleka katika unukuzi wa nyimbo, kwamba noti mbili zinazopigwa kwa kitufe kimoja cha kinanda, kwa mfano G iliyopandishwa nusu toni na A iliyoshushwa nusu toni, ni sauti moja. Hoja inayotetewa ni kwamba usawa huo ni sifa ya kinanda, si sifa ya muziki wote.

Kinanda cha kisasa hugawa oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100. Mgawanyo huo ni maafikiano tu. Sauti zikipangwa kwa uwiano wa mitetemo wa 3:2, hatua 12 za uwiano huo huzidi oktavu 7 kwa takriban senti 23.5. Katika mpango huo, G iliyopandishwa huwa juu ya A iliyoshushwa kwa kiasi hichohicho. Kinanda huifuta tofauti hiyo kwa kupunguza kila hatua kidogo.

Taarabu ya Unguja hulidhihirisha suala hili. Mpigaji fidla huitafuta sauti kwa kidole na sikio, ilhali sauti za kodiani zimekwisha kufungwa kiwandani. Katika maqamu ya Rast, sauti ya tatu huangukia kati ya vitufe viwili. Kodiani ya kawaida haina mahali pa kuiweka. Vivyo hivyo, ilimba ya Wagogo, aliyoivumisha Hukwe Zawose, hufuata ngazi ya mitetemo ya asili, ambamo sauti ya saba iko takriban senti 31 chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo.

Mnukuzi anayekifanya kinanda kuwa hakimu atasema mwimbaji amepotoka, kumbe kipimo ndicho kisichomfaa. Hatari hiyo humkabili pia mtafiti atakayenukuu nyimbo za ngoma Ngarambe, Rufiji: pale wimbo unapobebwa na koo na ngoma pekee, kila noti ya kinanda ni tafsiri ya mnukuzi.

Hata hivyo, si kila mtikisiko wa sauti una maana. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba sauti ipimwe kwanza kwa senti katika maonyesho kadhaa; tofauti inayojirudia mahali palepale ndiyo ihesabiwe kuwa ya mfumo, na jina la noti lifuate baadaye.