Ulumbi si Malumbano

Miongoni mwa vipera vya mazungumzo katika fasihi simulizi, ulumbi na malumbano ya utani huwatatiza watahiniwa wengi wa karatasi ya tatu. Aghalabu sifa za kipera kimoja huandikwa chini ya jina la kingine, alama zikapotea, ilhali tofauti imo ndani ya maneno yenyewe.

Mzizi ni mmoja: -lumba, yaani kuhutubu kwa ufasaha. Mlumbi ndiye atendaye. Ulumbi ni ustadi wake. Lumbana ina kiambishi -an- cha kutendana, hivyo malumbano huhitaji pande mbili zinazojibizana.

Tuchukue mfano wa posa. Msemaji wa upande wa mvulana anasimama: "Tumefuata nyayo za ndama hadi bomani humu. Nani asiyejua kuwa ndama hukawia penye malisho mema?" Swali hilo ni la balagha, hadhira haitarajiwi kulijibu bali kushawishika. Sitiari nayo inalainisha ombi na kuwasifu wenyeji. Huo ni ulumbi. Shangazi wa msichana akidakia kuwa bomani mna fahali mkali, na wageni wakamjibu kwa kejeli ya mzaha, tumeingia katika malumbano, mradi mila inaruhusu utani baina yao.

Mwalimu basi asikomee kukaririsha sifa za mlumbi. Wanafunzi walumbe darasani, kisha wajiulize: nani anasema, nani anajibu, na kwa lengo gani?