Aya ya Zabibu na Kijana wa Miyuji

Sisi wa pwani tumezoea kusema kwamba shaka huletwa na kutosoma. Nami nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipolala siku tatu katika nyumba moja ya Miyuji, mjini Dodoma. Hapo nilimkuta kijana ambaye shaka yake ilianzia katika kusoma Qurani yenyewe.

Baba yake ana shamba la zabibu njia ya Makutupora. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nyingi huishia kwenye viwanda vya mvinyo. Zabibu hizo ndizo zilizomsomesha kijana huyo. Usiku wa pili, baada ya Isha, akaniletea "Qurani Takatifu" ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, akaifungua Suratun Nahl, aya ya 67.

"Maalim," akasema, "hapa Mwenyezi Mungu anataja matunda ya mitende na mizabibu, na kwamba watu hupata humo kileo na riziki njema. Lakini huko nyuma, katika Suratul Maida, nimesoma kwamba pombe ni uchafu wa shetani. Basi lipi ndilo la mwisho? Nilimuuliza mwalimu wangu, akaniambia nifunge kitabu nisije nikakufuru."

Nilimwonea huruma, na kwa kweli nilimkasirikia mwalimu. Kijana alikuwa amesoma kwa uangalifu kuliko wengi wetu tunaohitimu kila Ramadhani bila ya kujua tulichokisoma.

Tafsiri hiyo, iliyotoka kamili mwaka 1969, ni hazina. Kabla yake Waswahili walikuwa na ile ya Padri Godfrey Dale ya 1923, kazi ya mmisionari, na ile ya Ahmadiyya ya 1953. Sheikh Farsy aliwapa watu wake Kiarabu, Kiswahili na maelezo. Ila tafsiri yoyote hufuata mpango wa msahafu, nao si mpango wa kushuka. Maida ni sura ya 5 na Nahl ni ya 16, kwa hiyo asomaye ukurasa kwa ukurasa hukutana na katazo kwanza, kisha kileo, akadhani kwamba la pili limelegeza la kwanza. Kumbe Nahl ilishuka Makka, na aya ya 90 ya Maida ilishuka Madina, miaka mingi baadaye. Kati yao zipo aya ya 219 ya Baqara, isemayo kuwa dhambi ya pombe ni kubwa kuliko manufaa yake, na ya 43 ya Nisaa, iliyowazuia walevi wasiikaribie Sala. Watu walitolewa kwenye ulevi hatua kwa hatua.

Tena tazama neno "njema". Limepewa riziki tu, kileo hakikupewa. Wafasiri wa zamani waliligundua hilo, lakini macho ya mwenye haraka hulipita, hasa siku hizi ambapo wengi husoma tafsiri tupu katika simu, bila ya maelezo ya chini.

Kijana akanyamaza. Kisha akauliza lile alilokuwa akilizunguka tangu mwanzo: "Na zabibu za baba?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Alikuwa akitafuta aya ya kumkinga mzee wake. Sikumficha: kwa wanavyuoni wa Kishafii, kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini kwamba atazifanya mvinyo ni haramu, na ukimdhania tu ni makuruhu. Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa sababu ya pombe, na mkamuaji ni mmoja wao. Lakini zabibu yenyewe ni halali, kuila mbichi au kuianika.

Baba alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Hakugusia aya. Aliniuliza kilo ya zabibu kavu inauzwaje Tanga mwezi wa Ramadhani.