Mchagua Kafi si Mpiga Kafi? Uhakiki wa Hoja ya Wepesi katika Mbio za Mashua za Dragoni

Mbio za mashua za dragoni zilizaliwa kusini mwa China, ambako huhusishwa na sikukuu ya Duanwu, siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda ya Kichina. Masimulizi mashuhuri husema kwamba watu waliingia mto Miluo kwa mashua kumtafuta mshairi Qu Yuan aliyejitosa majini. Tangu mashindano ya kimataifa ya Hong Kong ya mwaka 1976, mchezo huu umeenea duniani, na ubishi mmoja umeenea nao: mpigaji achague kafi la mbao au la nyuzi za kaboni? Makala haya yanahakiki hoja za pande zote mbili.

Tuanze na istilahi. Chombo hiki si kasia. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo kwa kishwara, na mvutaji huipa kisogo njia. Kafi hushikwa kwa mikono miwili, na mpigaji hutazama aendako. Tofauti hii si ya kamusi tu. Kafi halina pa kuegemea isipokuwa mwili wa mpigaji, kwa hiyo uzito na ukakamavu wake huishia begani na mgongoni.

Hoja kuu ya watetezi wa kaboni ni wepesi. Tufanye hesabu. Tuseme kafi la kaboni lina gramu 400 na la mbao gramu 600. Katika mbio za dakika mbili, kwa mapigo 70 kwa dakika, mpigaji huinua kafi mara 140. Gramu 200 zilizozidi huwa jumla ya kilo 28. Haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, hoja hii hutiwa chumvi. Makafi 20 ya kaboni hupunguza kilo 4 tu katika mashua iliyobeba wapigaji 20, mpiga ngoma na mshika usukani. Wepesi huusaidia mkono, lakini hauisukumi mashua. Anayedai kuwa timu ilishindwa kwa sababu ya mbao aeleze kwanza kama makafi yote 20 yaliingia majini kwa pamoja.

Hoja ya pili ni ukakamavu. Kaboni haipindi kwa urahisi, hivyo nguvu nyingi hufika majini. Watetezi wake husahau kwamba ukakamavu huohuo hurudisha mshtuko begani, hasa kwa mwanagenzi ambaye mbinu yake haijakomaa. Mbao hunepa kidogo. Isitoshe, mbao iliyochubuka hupigwa msasa na kupakwa vanishi, ilhali kaboni iliyopasuka huhitaji fundi wa vifaa hivyo, la sivyo hutupwa.

Watetezi wa mbao nao wana kasoro yao. Hukimbilia jadi, kisha hutoa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkemea mvivu, haimhusu mgonjwa. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie aliunda timu ya wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti, iliyoitwa Abreast in a Boat. Alitaka kuipima imani ya wakati ule kwamba mazoezi mazito ya mikono yangewaletea uvimbe wa mkono. Wanawake wale walipiga makafi, na timu kama yao zikachipuka katika nchi nyingi. Kumwambia mtu aliyepasuliwa kwapani avumilie kafi zito kwa heshima ya jadi ni kuidhalilisha jadi yenyewe. Kwake gramu 200 si anasa.

Kwa mtazamo wetu, swali limeulizwa vibaya. Pande zote mbili zinahukumu kafi kabla ya kumtazama anayelishika. Kanuni za mashindano huwekea mipaka urefu wa kafi na upana wa bapa lake. Hazipimi mfuko wa mnunuzi. Kwa kuwa kafi la kaboni huuzwa ghali kuliko la mbao la kawaida, klabu yenye fedha za makafi machache iyape kwanza mabega dhaifu, si mikono yenye kasi. Wanagenzi waanze na mbao. Na waandaaji wa mbio za kirafiki wagawe makafi ya aina moja kwa wote, ili mshindi apatikane majini, si dukani.