Mwalimu Asiyeharakisha Jibu

Mwalimu aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, si kwa dasta. Dasta kavu huacha ukungu mweupe, na mwanafunzi wa dawati la nyuma hushindwa kusoma. Ubao ulipokuwa ukikauka, alibandika ukutani karatasi ya manila yenye ramani ya Marekani aliyoichora mwenyewe: miraba ya penseli ilikuwa bado inaonekana kwa mbali, mipaka ya majimbo ikiwa ya wino mweusi, na ndani ya kila jimbo tarakimu tu, idadi ya kura zake za wajumbe wa uchaguzi. California 54. Wyoming 3. Kisha akatoa chaki nzima na kuivunja katikati. Chaki ndefu hulia ubaoni, na yeye hataki kitu chochote kilie humo ila wanafunzi wake.

Lilikuwa kongamano la Historia na Serikali. Shule kadhaa za sekondari zilikutana katika bwalo la shule mwenyeji, nje kidogo ya barabara ya Kericho kwenda Litein, na wazazi wachache walikuwa wameketi nyuma kwenye benchi. Kidato cha Nne husoma serikali za nchi nyingine, yaani Uingereza, Marekani na India, na mara nyingi mada hiyo hufundishwa kama orodha: kazi za Rais, kazi za Kongresi, kariri, andika, sahau. Nimewahi kuketi katika vipindi vya namna hiyo na sina hamu ya kuvirudia. Mwalimu huyu hakuanza na Rais wala Kongresi. Alianza na chai.

“Nani kwao wanachuma chai?” Karibu mikono yote ikainuka. Akaandika ubaoni: 16 Desemba 1773, Boston, makasha 342. Akaongeza uzito, takriban kilo 42,000 za chai iliyokwisha kukaushwa, iliyomwagwa baharini na walowezi wa Marekani usiku mmoja. Akauliza ni majani mabichi kiasi gani hayo. Watoto wa Kericho hawahitaji kuelezwa kwamba kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne na nusu hivi za majani. Kalamu zilikimbia, na msichana mmoja akataja kilo 189,000. Mzee mmoja kwenye benchi la wazazi akaguna. Anajua jasho lililomo katika namba ile.

“Kwa nini waliimwaga?” Kijana akajibu haraka: kodi ilipandisha bei. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama mwalimu kwa makini. Hakusema “hapana.” Alisema sheria ya mwaka ule ilishusha bei ya chai, akaweka chaki mezani, akakunja mikono. Bwalo likanyamaza. Mwalimu wa haraka angeujaza ukimya ule kwa jibu; yeye aliuacha ukae, akitembeza macho polepole kutoka safu moja hadi nyingine, bila kumkazia yeyote. Hatimaye sauti ikatoka pembeni: walikataa kutozwa kodi na bunge la London ambalo wao hawakuwa na mjumbe ndani yake. Ndipo alipoichukua chaki na kuandika neno moja, uwakilishi, akalipigia mstari kwa rula ya ubao.

Kutoka hapo aliruka hadi Philadelphia, 1787. Vita vya uhuru alivipitia kwa sentensi moja, na nadhani alifanya vyema. Wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa kuandika Katiba ya Marekani, 39 wakaitia sahihi, na mgogoro mkubwa ulikuwa kati ya majimbo makubwa na madogo. Kuufafanua, aliwasimamisha wanafunzi wawili: mmoja akawa Nairobi, mwingine Lamu. Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo bunge, Lamu ina wawili, Kericho yenyewe sita. Lakini katika Seneti kila kaunti huchagua seneta mmoja. “Nairobi, umeridhika?” Kijana akatikisa kichwa. “Lamu?” Msichana akacheka. Mwalimu akawaambia kwamba hayo ndiyo waliyokubaliana Wamarekani Julai ya mwaka ule: Baraza la Wawakilishi kwa kufuata idadi ya watu, Seneti kwa usawa. Wyoming yenye mwakilishi mmoja ina maseneta wawili, sawasawa na California yenye wawakilishi 52.

Halafu akapunguza mwendo. Je, majimbo ya kusini yaliwahesabuje watumwa? Akaandika 5, akachora mshale, akaandika 3. Watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu, wakaongeza viti vya mabwana zao huku wao wenyewe hawapigi kura. Hakuongeza neno. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati, kama ilivyo ada ya alasiri za huku, na hakuna sauti ambayo ingesikika. Aliandika mada inayofuata kwa herufi kubwa na kusubiri, huku 5 na 3 zikibaki juu yake.

Mvua ilipopungua ikaja sehemu ngumu: Rais huchaguliwaje? Kijana wa shule ya wageni akasimama kwa kujiamini akasema Rais wa Marekani huchaguliwa na Kongresi. Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akainua kiganja, kicheko kikakatika. “Lini?” akamuuliza. Kijana akababaika. “Fikirieni wote. Kura za wajumbe wanaomchagua Rais, zile za kwenye ramani, ni 538, mshindi anahitaji 270. Wagombea wakiwa wanne, na hakuna aliyefika, je?” Akaandika 1824. Mwaka ule Andrew Jackson aliwazidi wenzake watatu kwa kura za wananchi na za wajumbe pia, lakini hakupata wingi unaotakiwa. Shauri likaenda kwa Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja, na Februari 1825 likamchagua John Quincy Adams. Mwalimu akamgeukia kijana. “Kwa hiyo jibu lako ni la kweli kwa hali hiyo moja. Liandike hivyo, pamoja na hali yenyewe.” Kijana alikaa chini akiwa mrefu kuliko aliposimama.

Sijui walimu wangapi wanaweza kufanya hivyo. Kujua mwaka 1824 hakutoshi. Ni lazima uwe na mwaka huo karibu na mkono, kosa linapotoka kinywani uone upande wake ulio sahihi, na uufikie kabla mtoto hajaaibika.

Mjadala ukapamba moto. Walitajwa Al Gore, aliyeongoza kwa zaidi ya kura nusu milioni za wananchi mwaka 2000 na kushindwa kwa wajumbe 266 dhidi ya 271 wa George W. Bush, na Hillary Clinton, aliyeongoza kwa karibu kura milioni 2.9 mwaka 2016 akakosa ikulu. Mmoja akauita wizi. Mwingine akasoma Katiba yetu ya 2010: Rais wa Kenya hupata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 au zaidi, basi sisi pia hatuhesabu vichwa pekee. Muda wote huo mwalimu alishika kipande cha karatasi chenye alama za penseli. Nilipochungulia niliona ni orodha ya shule, na alama kwa kila aliyesema. Shule isiyo na alama ndiyo iliyoulizwa swali lililofuata.

Mwishoni walimtaka aseme mfumo upi ni wa haki. Akawaambia kwamba katika Kongresi yamewahi kuletwa mapendekezo zaidi ya 700 ya kuubadilisha au kuufuta mfumo wa wajumbe, na bado upo. Sababu zake waziandike kwa hoja tano, wamletee.

Makongamano haya hayagharimu zaidi ya chaki, manila na nauli ya basi la shule. Kama una mtoto wa Kidato cha Nne Kericho au Bomet, mwulize lijalo ni lini, kisha mwombe mwalimu mkuu akuruhusu ukae kwenye benchi la nyuma.