Adabu ya Teleksi ya Redio

Katika fani zote zilizopata kuwahudumia wasafiri wa majini, sijaona iliyokamilika adabu kuliko teleksi ya redio, ambayo kwayo meli iliyo mbali na nchi kavu iliweza kuandikiana na kituo cha pwani, ijapokuwa radi zilikuwa zimeyachafua mawimbi yote ya hewani.

Mwenye kutaka kuujua ufundi huu na aanze na herufi yenyewe. Kila moja ilikuwa na alama saba, nne za mlio mmoja na tatu za mlio wa pili, wala haikupata kuwa vinginevyo. Hivyo mtambo wa mpokeaji, ukihesabu ukakuta tano kwa mbili, ulijua papo hapo kwamba herufi imeharibika njiani, ukadai irudiwe. Herufi zilikwenda tatu tatu, kisha mpelekaji akanyamaza kungoja jawabu, na duru hiyo nzima ilitimia kwa milisekunde 450. Heshima ya fani hii naiona katika kimya hicho, maana hakuna neno lililosonga mbele kabla lililotangulia halijakiriwa.

Juu ya msingi huo opereta alijenga mazungumzo yake. Meli na kituo vikiisha kujitambulisha, kituo kiliandika GA+?, yaani haya, sema haja yako. Meli nayo ikajibu DIRTLX na nambari ya mtu wa bara, au MED+ ikiwa baharia mgonjwa anahitaji shauri la tabibu, au WX+ kwa habari za hali ya hewa. KKKK ilikata njia ya bara, na BRK+ ikaaga. Miye naipenda zaidi alama ya +?, iliyogeuza zamu ya kusema bila ya mtu kumkata mwenziwe kauli.

Mitambo hiyo ilikuwa ya bahari kuu, lakini sisi tukaao Kisesa, jirani na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, tunayo sababu ya kuijali adabu yake. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia ya watu. Na MV Nyerere ikapinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ziwa kama hili lastahili mawasiliano ambayo kwayo anayeita ana yakini kwamba amesikiwa.

Tangu tarehe 1 Januari 2024 kanuni za kimataifa hazizilazimishi tena meli kuwa na teleksi ya redio kwa ajili ya wito wa dhiki. Nawasihi maopereta wa zamani, wa Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, wasizitupe daftari zao, bali wawafundishe vijana watakaoketi katika vituo vya uokoaji vya ziwa letu.